Siku Tano Deep River, Mji Uliopokea Pembe Zetu

Nimerejea Bagamoyo wiki tatu sasa, na simulizi hii nimeijenga upya kutokana na daftari langu la mfukoni, risiti nilizozihifadhi ndani ya bahasha, na picha mia mbili na kitu zilizomo kwenye simu. Kurasa nne za daftari ziliharibiwa na mvua siku ya tatu, kwa hiyo siku hiyo naisimulia kwa kutazama picha.

Mtoto yeyote aliyesoma Bagamoyo anaweza kukutajia njia ya pembe za ndovu bila kufungua kitabu: kutoka Manyema na Ujiji, kupitia Tabora, kukata Ugogo hadi pwani, kisha kwa jahazi hadi Unguja. Hapo somo huishia. Pembe zilikwenda ng'ambo, na ng'ambo ni kubwa. Katika ukoo wetu husimuliwa kwamba babu yake babu yangu alishuka na msafara kutoka Unyanyembe akiwa na pembe begani, akalipwa, akaoa, akabaki. Sikuwahi kujiuliza mzigo wake ulitua wapi hadi mwaka jana, mpwa wangu anayesoma New Haven, katika jimbo la Connecticut, aliponipigia simu na kusema, "Mjomba, nimepita kwenye kijiji kinachoitwa Ivoryton, yaani Mji wa Pembe. Nimeuliza pembe za wapi, wakaniambia za Zanzibar."

Ivoryton ni kitongoji cha mji wa Essex, na umbali wa kilomita tano hivi kutoka hapo uko mji wa Deep River. Yote miwili iko upande wa magharibi wa mto Connecticut, karibu na unapoingia baharini, na kwa zaidi ya miaka mia moja ndiyo iliyokuwa kitovu cha kazi ya pembe nchini Marekani: mwanzo vitana, baadaye vibonyezo vya piano. Nikachanga nauli kwa miezi kumi na mmoja, nikapanga kulala Deep River usiku nne.

Siku ya kwanza, Alhamisi: New York hadi Deep River

New York nililala kwa jamaa na hakuna la kusimulia. Asubuhi nilipanda treni katika stesheni ya Grand Central hadi New Haven, mwendo wa saa mbili hivi, kwa nauli isiyofika dola 25 kwa kuwa nilisafiri nje ya saa za msongamano. Atakayefuata njia hii anunue tiketi kwenye mashine au kwenye simu kabla ya kupanda, maana ukinunua ndani ya treni unatozwa zaidi. New Haven mpwa wangu alinipokea kwa pizza iliyookwa kwenye tanuri la makaa ya mawe na kutandazwa kombe wa baharini, chakula ambacho wenyeji wa mji ule hujivunia kama sisi tunavyojivunia pweza wetu. Alikuwa na kazi maabara, akaniahidi kunifuata Jumamosi.

Treni ya pili hufuata pwani, ikipita Branford, Guilford, Madison na Clinton, mpaka Old Saybrook. Kuanzia hapo kuna basi dogo la kupanda bondeni, na hapo ndipo safari ilipokwama. Ratiba ilionyesha basi saa nane na dakika ishirini. Saa tisa na nusu halijaonekana, na nambari ya simu iliyoandikwa kituoni ilipokewa na sauti iliyorekodiwa. Jua la Julai la huko lina unyevu kama wa kwetu wakati wa masika, ila hakuna upepo wa bahari wa kulipunguza makali. Mzee mmoja aliyekuwa akipakia mifuko ya udongo wa bustani kwenye gari lake la mizigo aliniona nikiangalia saa kwa mara ya ishirini, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipomwambia Deep River aliufungua mlango wa abiria na kuliondoa begi la mbwa lililokuwa kitini.

Kilomita 13 zile tulizungumza mfululizo. Aliniuliza nimetoka wapi. Nilipotaja Bagamoyo hakupafahamu, lakini nilipotaja Zanzibar alipunguza mwendo. Nyanya yake, alisema, alifanya kazi katika kiwanda cha vibonyezo tangu usichana wake, akipanga vipande vya pembe kwa rangi na mistari yake ili piano moja isije ikapata kibonyezo cheupe karibu na cha manjano, na neno Zanzibar lilikuwa likitamkwa nyumbani kwao kama jina la duka la jirani. Pesa alikataa. Aliniomba tu nimwandikie jina la Bagamoyo nyuma ya risiti yake ya udongo.

Chumba nilichopanga katika nyumba ya wageni kiligharimu dola 140 kwa usiku, zaidi ya laki tatu na nusu za Kitanzania, na hicho ndicho kilichokuwa cha bei nafuu kuliko vyote nilivyovipata kwa wiki ile. Baadaye nilielewa kwa nini.

Siku ya pili, Ijumaa: kusoma nyumba

Deep River ina watu elfu nne na kitu, na barabara yake kuu unaweza kuitembea kutoka mwanzo hadi mwisho ukiwa bado na chai ya moto mkononi. Hata jina lake lina umri wa mtu mzima tu: hadi mwaka 1947 mji huu uliitwa Saybrook, ukabadilishwa jina ili usichanganywe na jirani yake Old Saybrook, kule basi lilikonikwepa.

Jambo la kwanza nililolipenda ni kwamba nyumba zenyewe zinasomeka. Nyingi kati ya nyumba za mbao za zamani zimepigiliwa kibao kidogo karibu na mlango, kikiwa na jina la mwenye nyumba wa kwanza na mwaka wa kujengwa, na pengine kazi yake: baharia, mhunzi, mjenga meli. Nilikumbuka milango ya Unguja iliyochongwa mwaka wa Hijria juu ya kizingiti, ambayo mtu hupita chini yake miaka hamsini bila kuinua shingo. Mbali na vibao hivyo vya nyumba, miji mingi kati ya miji 169 ya Connecticut ina bango la buluu lililosimamishwa mahali pa wazi, lenye historia fupi ya mji. Kwa mgeni asiye na gari mabango hayo ni mwalimu wa bure, ingawa mwalimu huyo hupenda zaidi kueleza nani alianzisha nini, na mwaka gani.

Ukumbi wa mji ulijengwa mwaka 1893 kwa matofali mekundu, katika pembe ya barabara mbili, kwa hiyo umbo lake limebanwa mbele na kupanuka nyuma kama pasi ya mkaa. Nilisimama mbele yake nikajaribu kupiga hesabu ya mji mdogo namna hii kuweza kujenga jumba la namna hii. Jibu liko hatua chache kutoka hapo.

Ni jengo refu la matofali la kampuni ya Pratt, Read, iliyoundwa mwaka 1863 kwa kuunganisha karakana tatu za pembe. Kiwanda cha awali kiliteketea kwa moto mwaka 1881. Hiki kilichopo kilijengwa mara tu baada ya hapo. Hapa ndipo pembe zilipopasuliwa kwa misumeno kuwa vipande vyembamba kama ukucha, kisha vikapelekwa kwenye nyumba za vioo, zilizofanana na vibanda vya kuoteshea mboga, na kuachwa juani kwa wiki kadhaa hadi viwe vyeupe. Piano ina vibonyezo 88, na kati yake 52 ni vyeupe. Kila cheupe kilibandikwa vipande viwili, kipana cha mbele na chembamba cha nyuma, na ukiangalia piano ya zamani kwa makini utauona mstari wa kiungo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mafundi walewale waligeuzwa kuunda ndege za kijeshi zisizo na injini. Katika miaka ya 1950 plastiki ilichukua nafasi ya pembe. Leo kiwanda kimekuwa nyumba za kuishi. Niliona baiskeli za watoto na chungu cha mnanaa dirishani. Hapakuwa na mlinzi wala kiingilio, na mama mmoja aliyekuwa akimwagilia maua aliniruhusu kupiga picha nikimwahidi kutopiga ndani.

Mchana nilikula kambakoche aliyewekwa ndani ya mkate laini uliopakwa siagi. Bei yake ilikuwa dola 27 na mkate ulikuwa mdogo kuliko kiganja changu. Kwa Mwislamu anayesafiri huko, samaki na vyakula vya baharini ndivyo vya kutegemea, maana bucha ya halali sikuiona bondeni kote. Atakaye nyama anunue New Haven kabla ya kupanda treni.

Jioni nilipanda hadi makaburi ya Fountain Hill, kwa kuwa mwenye nyumba ya wageni alisema nisiondoke bila kuona jiwe la XYZ. Desemba 1899 wezi walikuja kuvunja benki ya mji. Benki ilikuwa imeonywa mapema na kumweka mlinzi aitwaye Harry Tyler, ambaye alimpiga risasi mmoja wao akafa papo hapo, na wenzake wakatimka. Hakuna aliyemjua marehemu, akazikwa chini ya jiwe dogo lenye herufi hizo tatu. Wenyeji husimulia kwamba kwa miaka mingi mwanamke aliyevaa nguo nyeusi alikuwa akija kulizuru kaburi, kisha akaondoka bila kusema neno. Nilikuta sarafu zimepangwa juu ya jiwe. Mwizi asiye na jina ana kaburi, ana alama, na ana wageni. Niliandika sentensi hiyo katika daftari nikaipigia mstari, kwa sababu nilikuwa nikiwafikiria watu wengine kabisa.

Siku ya tatu, Jumamosi: filimbi, ngoma na mvua

Kila Jumamosi ya tatu ya Julai Deep River hufurika vikosi vya filimbi na ngoma, mtindo wa muziki wa majeshi ya karne ya 18. Hii ndiyo sababu ya bei ya vyumba, na atakayetaka utulivu aje wiki nyingine. Mpwa wangu aliwasili saa nne asubuhi kwa gari la rafiki yake, na tulikuta watu wameshapanga viti barabarani tangu alfajiri, viti vitupu vya kukunja vikiwa vimeachwa bila mtu na bila woga wa kuibiwa. Mama mmoja mtu mzima alituona tumesimama akatuita kwenye viti vya wajukuu wake, akatupa maji baridi na kofia ya karatasi.

Gwaride lilipoanza sikuweza kuzungumza. Wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wamevaa makoti ya sufu na kofia za pembe tatu katika joto la kuyeyusha mshumaa, wanapiga ngoma kubwa za mbao ambazo unazisikia kifuani kabla hazijafika sikioni. Kikosi baada ya kikosi, zaidi ya saa mbili. Mpwa aliniambia, "Mjomba, hawa nao wana beni yao," na alikuwa na haki: ukiondoa makoti, ushindani ule wa kikosi na kikosi, wa nani kapiga vizuri na nani kavaa vizuri, ni ule ule wa beni za Lamu na Tanga za enzi za mababu zetu.

Saa tisa ikapiga radi moja, ikafuata mvua ya ghafla. Ngoma zilifunikwa kwa makoti kabla ya watoto kufunikwa. Daftari langu lilikuwa mfuko wa nyuma.

Siku ya nne, Jumapili: nyumba ya mawe

Siku hii ndiyo iliyonipeleka, na nitakaa nayo.

Jumba la makumbusho la Deep River ni nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1840 na Ezra Southworth, ambayo leo hutunzwa na chama cha historia cha mji. Hufunguliwa kwa saa chache tu wakati wa kiangazi, na wanaoihudumia ni watu wa kujitolea, kwa hiyo atakayekwenda apige simu kwanza asije akakuta kufuli. Tulipokewa na mama mmoja mwalimu mstaafu, ambaye aliposikia tumetoka pwani ya Tanzania aliifunga kompyuta aliyokuwa akiifanyia kazi, akasogeza kiti na kusema kwamba siku hiyo yeye ndiye atakayeuliza maswali.

Alitueleza kwanza ya kwake. Biashara ya pembe bondeni ilianza mwishoni mwa karne ya 18, pale mtu aitwaye Phineas Pratt alipobuni mashine ya kukata meno ya vitana, kazi ambayo hadi wakati huo ilifanywa kwa mkono. Pratt huyohuyo alishiriki katika kuunda Turtle, nyambizi ya mtu mmoja ya David Bushnell, iliyojaribiwa dhidi ya meli za Waingereza mwaka 1776. Piano zilipoanza kuingia katika kila sebule ya Marekani, vitana vilipisha vibonyezo. Viwanda vilipendelea pembe za Afrika Mashariki, ambazo walanguzi waliziita pembe laini, kwa sababu hazipasuki ovyo zinapokatwa na rangi yake ni tulivu. Zilisafiri kutoka Unguja hadi New York, na kutoka hapo zikaletwa kwa meli za mtoni hadi gati ya Deep River. Alituwekea mkononi kibonyezo kimoja kilichobanduka kwenye piano. Ni chepesi kuliko nilivyotarajia. Vumbi lililotoka kwenye misumeno, alisema, halikutupwa. Lilikuwa mbolea nzuri ya bustani.

Kisha akatueleza habari za George Read, shemasi wa kanisa la Kibaptisti na mmoja wa waanzilishi wa karakana za pembe hapo mjini. Read alikuwa mpinzani wa utumwa. Mnamo miaka ya mwisho ya 1820 kijana aitwaye Daniel Fisher, mzaliwa wa Virginia aliyeuzwa Carolina Kusini, alitoroka, akasafiri kaskazini kwa kujificha, na kutoka New Haven akaelekezwa kwa shemasi Read. Read alimpa hifadhi na kazi. Fisher alishauriwa abadilishe jina na avae nywele za bandia wakati wote, ili bwana wake akitokea asimtambue, naye akafuata ushauri huo. Tangu siku hiyo akaitwa William Winters, akaishi Deep River hadi uzeeni, na mtaa wa Winter Avenue umepewa jina lake. Simulizi ya maisha yake, aliyoitoa mwenyewe, ilichapishwa mwaka 1900.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza kama shemasi Read alijua nani aliyekuwa akibeba pembe zake hadi pwani.

Mama yule hakukwepa. Alisema swali hilo huulizwa sana siku hizi, hata na watoto wa shule, na kwamba yeye huwajibu kuwa kila pembe ilibebwa na mtumwa, ambaye naye aliuzwa pamoja nayo ilipofika sokoni. Hapo nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba jibu hilo lina ukweli ndani yake lakini linamfuta babu yangu. Watumwa walibebeshwa pembe, hilo halina shaka, na vijiji vilichomwa huko Manyema kwa ajili ya pembe na watu. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi 1873. Lakini sehemu kubwa ya wapagazi wa njia kuu walikuwa Wanyamwezi walioandikishwa kwa ujira, wenye viongozi wao na nyimbo zao, waliogoma njiani posho ilipopunguzwa, na kwao kijana asiyewahi kwenda pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Walilipwa kwa nguo. Na nguo iliyotakiwa kuliko zote iliitwa merikani.

Alishangaa, nami nikaendelea, maana hapa ndipo nilipokuwa na la kumpa. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, mwaka 1833. Balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters wa mji wa Salem, aliwasili Unguja mwaka 1837. Meli za Salem zilileta pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, kitambaa kigumu kisichopakwa rangi, na kitambaa hicho kikawa fedha ya barabarani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoikatiza pamba, na nguo za Bombay zikachukua nafasi, mpagazi aliweza kubeba pembe iliyokuwa ikienda Marekani huku posho yake ikiwa ni kitambaa kilichotoka Marekani. Na pamba ya viwanda vile ilichumwa na watu kama Daniel Fisher. Sijui kama shemasi aliwahi kuipiga hesabu hii, lakini zote mbili zilipita mezani kwake: yule aliyemficha na ile aliyoinunua.

Mama aliandika kurasa tatu. Aliniomba nimtajie herufi moja moja: p-o-s-h-o. Mpwa wangu alikuwa amesimama dirishani muda huo wote, akanong'ona, "Mjomba, saa imekwisha, wanataka kufunga." Walifunga nusu saa baadaye kwa ajili yetu.

Kabla ya kuondoka niliuliza kama vibonyezo vya zamani huuzwa. Huonekana kwenye maduka ya vitu vya kale, na bei yake si kubwa, lakini namsihi atakayefuata asinunue hata kimoja kwa kumbukumbu. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na ofisa wa uwanja wa ndege hatasikiliza hadithi ya piano.

Alasiri tulikwenda Ivoryton. Kitongoji hiki kilijengwa na kampuni ya Comstock, Cheney, ambayo mmoja wa wenye nayo, George Cheney, aliishi Unguja miaka kadhaa akinunua pembe kabla ya kurudi na kuwekeza huku. Kampuni ilijenga karibu kila kitu: nyumba za wafanyakazi waliotoka Poland, Italia na Sweden, na mwaka 1911 ukumbi wa burudani ambao sasa ni jumba la michezo ya kuigiza. Mwaka 1936 Pratt, Read na Comstock, Cheney ziliungana. Nilitembea mitaa yote kwa saa moja na nusu. Ni mahali pazuri, penye miti mikubwa na ukimya, na kwa kweli baada ya ile nyumba ya mawe sikuwa na hamu ya kusoma kibao kingine.

Siku ya tano, Jumatatu: kivuko

Mpwa alirudi kazini alfajiri. Mwenye nyumba ya wageni, ambaye hakuwa amenitoza kifungua kinywa hata siku moja, alinifikisha kwenye kivuko cha Chester, kilichokuwepo mahali hapo tangu 1769. Leo ni pantoni dogo la kuchukua magari manane au tisa, na kuvuka ni dakika tano. Gari hulipa dola 5 siku za kazi. Mwenda kwa miguu dola 2. Nilivuka na kurudi, kwa sababu tu nilitaka kuuona mji kutoka majini, kwa upande ambao mzigo ulikuja. Mto ni mpana na wa polepole. Mlango wake una mafungu ya mchanga, ndiyo maana hakuna bandari kubwa iliyojengwa hapo, na bonde limebaki na vijiji vyake.

Baadaye niliona gati ya Essex, ambako Aprili 1814 askari wa Kiingereza waliingia usiku wakateketeza meli 27, na makumbusho ya mto yaliyopo hapo yanaeleza tukio hilo vizuri. Basi la kurudi Old Saybrook lilikuja kwa wakati, jambo lililonikasirisha zaidi kuliko lilivyonifurahisha. Safari ya kurudi New York na nyumbani naiacha.

Kwa jumla, ndani ya Connecticut nilitumia dola 812, na 560 kati yake zilikuwa za chumba.

Mama wa nyumba ya mawe alikuwa ameniomba picha moja: mahali ambapo wapagazi walitua mizigo. Jumapili ya kwanza baada ya kufika nilikwenda Karavanserai, nikalipa kiingilio kama mgeni mwingine yeyote, nikapiga picha ua wa ndani asubuhi kabla jua halijawa kali. Kijana wa mapokezi aliniuliza kwa nini mtu wa Bagamoyo apige picha za Karavanserai. Nilimweleza, akaomba nimwonyeshe kile kiwanda kwenye simu, akakitazama muda mrefu, kisha akamwita mwenzake naye aje aone.

Jibu lilikuja juzi. Picha ameichapa na ataiweka katika kabati la kioo, pembeni ya vitana na vibonyezo, na anaandaa kadi ya maelezo. Anauliza kama kwenye kadi aandike mpagazi au wapagazi. Nimemjibu aandike wapagazi, na nikamweleza jinsi ya kulitamka.